Fidla ya Mapajani

Virginia, Marekani
9 Februari 2025

Baba yangu mpenzi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Mimi ni mzima, ila baridi ya huku milimani imenikausha mikono. Bega lako linaendeleaje? Mama kaniambia bado hulinyanyui, na fidla iko juu ya kabati tangu bodaboda ilipokuangusha. Najua hupendi niligusie. Najua pia bado una kinyongo na safari yangu. Lakini nina jambo, siwezi kulinyamazia.

Jirani yangu, mzee Edgar, ni mpiga fidla. Kila Alhamisi wanakutana kwake watu wa muziki unaoitwa blugrasi: fidla, gitaa, banjo, mandolini. Wanakaa duara, hawasomi karatasi. Mmoja anaongoza, wengine wanafuata, halafu kila mtu anapewa zamu yake apige peke yake. Nilikwenda kusikiliza tu. Mke wake akanipakatisha mandolini, chombo kama gitaa dogo. Baba, nyuzi zake zimefungwa sauti zile zile za fidla yako. Vidole ulivyonifundisha nikiwa mdogo vilikwenda vyenyewe, na sasa najifunza nyimbo za fidla kwa mandolini, mmoja baada ya mwingine, mpaka nasahau kula.

Mandolini haikai kidevuni. Inakaa mapajani, bega limepumzika. Nimekununulia moja. Ataileta Benedikta, mwenzangu wa kazini kwenye nyumba ya wazee, anayekuja kwao Lushoto. Na kwenye simu ya mama nimetuma nyimbo mbili, nimezipiga polepole ili uzishike.

Mwanao,
Nasma


Ngamiani, Tanga
4 Machi 2025

Mwanangu Nasma,

Waaleikum salaam. Marahaba. Sisi wazima, tumefunga. Mama yako anakusalimu. Bega ni lile lile.

Mzigo umefika. Benedikta kauleta mwenyewe hadi mlangoni, binti mwenye adabu. Ahsante. Ila ungeniuliza kwanza. Mimi ni mtu wa fidla. Fidla unaivuta sauti mpaka msikilizaji ashushe pumzi. Hiki chombo ukikigonga, sauti inakufa hujaionja. Na zile robo sauti za maqamu zetu, ngazi za sauti za taarabu, hazimo, vyuma vya shingoni vimezifungia nje. Abdulghani, kiongozi wa kikundi chetu cha taarabu, alipoiona aliniuliza kama nimehamia kwenye muziki wa wachunga ng'ombe. Watu wakacheka, na mimi nikacheka nao, nifanyeje.

Nyimbo zako nimezisikia. Zinakimbia kama mtu aliyeacha chungu motoni. Nimemwambia mama yako aifunike kitambaa. Siku ukikumbuka kwenu, utaikuta.

Baba yako


Virginia
20 Aprili 2025

Baba yangu,

Shikamoo. Idi imepita sikukuandikia, nisamehe. Barua yako iliniuma. Natumaini wewe na mama mlisherehekea kwa afya. Mimi mzima.

Nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu. Kila Alhamisi zamu yangu ikifika natikisa kichwa, anapiga anayenifuata. Wamenivumilia, lakini naona sasa hata hawanitazami tena zamu ikikaribia. Kuna wimbo wanaupenda sana, ule wa kwanza niliokutumia, unaitwa "Maziwa Yamemwagika". Sehemu ya kwanza naipiga vizuri. Sehemu ya pili fidla inashika sauti moja ndefu, inaning'inia juu ya wote, na mandolini pale inaacha shimo. Ulilosema kuhusu sauti kufa ndilo linalonishinda. Nimemuuliza mzee Edgar, akasema yeye hajui, yeye ni mtu wa fidla.

Sikuombi uipende mandolini. Nakuomba unisaidie. Lile shimo nilizibe na nini?

Mwanao,
Nasma


Ngamiani, Tanga
29 Aprili 2025

Mwanangu kipenzi Nasma,

Marahaba, marahaba. Sote wazima, chai inapoa hapa mezani, naandika mbio mbio.

Nilikifunua chombo kwa ajili ya kukujibu wewe tu. Kwanza sikukigusa. Niliuimba wimbo wako kwa mdomo, nikauimba tena, mpaka mama yako naye akawa anauimba huku anakanda unga. Hapo nikajua umeingia. Kisha nikaupiga, nikafika kwenye shimo lako.

Sikiliza. Ile sauti usiivute, haivutiki. Ijaze. Gusa sauti ya juu yake, rudi, shuka chini yake, rudi, risha ya kupigia nyuzi ikienda chini na juu bila kusimama. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi cha taarabu, hufanya hivyo hivyo, nayo haina upinde. Risha ishike kama unavyomshika kifaranga. Ukiibana, mkono unakaza na mwendo unakukimbia.

Basi nikaona si vizuri kujua nusu ya wimbo, nikajifunza wote. Halafu na ule wa pili. Juzi Godlisten wetu wa akodiani alikuwa anapita na baiskeli, amebeba machungwa ya Muheza, akanisikia kutoka barabarani. Hakubisha hodi. Aliyaacha machungwa barazani akarudi kwake kuchukua akodiani. Tulipiga mpaka adhana ya alasiri. Nakutumia tulichorekodi.

Bega haliumi, Nasma. Nilikuwa nimesahau kwamba linaweza kutoniuma. Tuma nyingine.

Baba yako


Virginia
16 Mei 2025

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini hamjambo wote, na mama apunguze kusimama jikoni. Mimi leo sishikiki.

Jana zamu ilipofika kwangu sikutikisa kichwa. Kwa wasiwasi, sehemu ya kwanza niliikosea kidogo. Nilipofika kwenye shimo nikalijaza kama ulivyonielekeza: juu, rudi, chini, rudi. Mtu wa banjo akaacha kutazama vidole vyake, akanitazama mimi. Tulipomaliza mzee Edgar aliweka upinde magotini, akaniomba nirudie. Nikamwambia pambo hilo ni la baba yangu, nikawasikilizisha rekodi yako na Godlisten. Kisha, baba, wote wakaanza kulitafuta pale pale, kila mtu na chombo chake. Mzee Edgar alipata tabu kweli, alicheka hadi akafuta machozi. Na mimi nilifuta ya kwangu, ila sikuwa nacheka.

Nimekutumia nyimbo tatu mpya. Ya mwisho ni ngumu.

Mwanao,
Nasma


Ngamiani, Tanga
24 Juni 2025

Mwanangu Nasma,

Marahaba. Wazima kabisa, na wewe Mungu akuweke hivyo. Kaa chini nikusimulie.

Jumamosi kikundi kilialikwa Muheza, harusi ya Hafsa, mpwa wa Abdulghani. Nilimwomba niende na mandolini. Hakukataa, alinipa kiti cha nyuma, akasema nisindikize tu. Nikasindikiza. Baina ya wimbo na wimbo, wakati Abdulghani anakunywa maji, Godlisten aliugeuza uso kwangu, akaanza "Maziwa Yamemwagika" bila kumwomba mtu ruhusa. Nikaingia. Mpiga ngoma za bongo alitafuta kidogo, akaupata mdundo. Wanawake walikuwa wamekaa, wakasimama, safu ya mbele kwanza, kisha ukumbi wote. Abdulghani alitukazia macho. Tulipofika sehemu ya pili kwa mara ya tatu, alivuta kiti changu kwa mkono wake mwenyewe, akakileta mbele.

Baadaye bibi yake bwana harusi, mwanamke wa Mkwaja, aliniita akaniuliza wimbo ule unatoka wapi. Abdulghani alikuwa pale, nadhani alingoja niseme Marekani.

Nikasema, "Unatoka kwa mwanangu."

Yule bibi akauliza uko wapi. Wewe unajua nimekuwa nikijibu nini nikiulizwa hivyo. Huwa nasema umetuacha. Safari hii nilivuta kiti karibu naye, nikamweleza milima yenu, na duara la Alhamisi, na wazee unaowauguza, na jinsi unavyokosea sehemu ya kwanza ukiwa na wasiwasi. Gari la kikundi lilikuwa linapiga honi nje, na mimi bado namweleza.

Baba yako,
Uweso