Gari Limepona, Agnesi

Tunduma,
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpenzi Agnesi,

Shikamoo yako nimeipokea hata kabla hujaitoa, marahaba, mama. Goti lako linasemaje? Na mvua za huko Muheza, zimekaa au zimepita tu zikaenda kwa wengine? Nasikia michungwa mwaka huu imezaa mpaka matawi yanategemezwa kwa miti. Huku ni baridi. Upepo unaingia chini ya mlango, nami nashinda na koti ndani ya nyumba.

Umeniuliza habari za gari mara nyingi kwenye simu, na kila mara nimekupa jibu. Leo nakupa jibu la kweli, maana mkono bado unaniitika, ingawa utaona mistari inapanda na kushuka.

Unakumbuka lilivyoanza. Lile gari langu la tangu ujana, lililokupeleka kanisani siku ya harusi yako, lilichemsha mlimani nikielekea Vwawa. Nilikaa kando ya barabara kuu, maroli yakinipita, nikingoja lipoe, kwa kuwa Baba alitufundisha kwamba kifuniko cha rejeta hakifunguliwi na mtu mwenye haraka. Fundi wa hapa akang'oa themostati akaitupa. “Mzee, hii inazuia maji tu. Magari yote ya huku yanatembea bila hii.” Likachemsha tena. Akazibua rejeta, akabadilisha mkanda wa feni. Likachemsha tena. Tena ajabu yake, likisimama mshale wa joto unatulia, likikimbia unapanda.

Wewe uliyekulia karakana ya mashamba ya mkonge ukimshikia Baba spana, ukaniambia, “Kaka, huo ni mpira wa chini wa rejeta. Mtu akanyage mafuta, wewe tazama mpira.”

“Mtu gani?” nikakuuliza.

Ukacheka. Ulidhani natania.

Sikuwa natania, Agnesi. Tangu wifi yako Tumaini afariki, na Mungu hakutujalia watoto, sikuwa na mtu wa kukanyaga mafuta. Nilijaribu peke yangu. Nilikanyaga, nikashuka upesi kwenda kutazama, na kila nilipofika mbele injini ilikuwa imeshatulia na mpira uko mzima. Siku nyingi zilipita hivyo. Mwisho nikamwita jirani yangu, Mama Chanda, anayevuka mpaka kila asubuhi kwenda kuuza nyanya upande wa Zambia. Akakaa kwenye usukani ameshika kitenge chake.

“Mwalimu, mukwai,” akasema kwa ile heshima ya ng'ambo ya mpaka, “mimi hata baiskeli sijawahi!”

“Kanyaga cha kulia, polepole.”

“Likiondoka na mimi?”

“Halijaingizwa gia, mama. Haliendi popote.”

“Haya. Likiondoka, wewe ndiye utakayewaambia wanangu nimetoroshwa na gari la mzee.”

Akakanyaga, na mpira ukabonyea mbele ya macho yangu, ukajifunga kabisa. Akaachia, ukajaa tena kama haukuwahi kuwa na neno. Waya wa ndani ulikuwa umeliwa na kutu, kwa hiyo injini ilipovuta maji kwa nguvu, njia ilijiziba. Nikanunua mpira mpya, nikamwambia fundi aweke na themostati nyingine. Nikaenda Vwawa na kurudi, mshale haukupita katikati.

Hayo yalitokea kabla watu hawajapanda mahindi. Sasa wanavuna.

Basi wota pampu niliyokwambia wakati wa Krismasi haivuji. Gasketi ya Pasaka haijaungua. Ulipotaka kujua kama maji yameingia kwenye oili, ukaniuliza, “Oili imekuwa kama chai ya maziwa?” nikakujibu, “Kama chai kabisa,” wakati oili ilikuwa nyeusi na safi. Ukasema gari langu linaugua kama marehemu Bibi, aliyeshikwa na homa kila ilipofika siku ya kulima. Nilicheka, kisha nikakata simu. Na ile siku uliyosikia injini ukauliza, “Mbona linaunguruma vizuri?” nikasema ni roli linapita. Halikuwa roli. Huwa naliwasha, nakaa ndani mpaka lipate joto, halafu nalizima naingia nyumbani.

Mgonjwa ni mimi. Siku ile ya kulijaribu hadi Vwawa nilipitia hospitali. Daktari alisema moyo umechoka na hakuna kipuri chake. Miguu imevimba hata kanyagio la klachi siliwezi tena. Aliniuliza naishi na nani. Nikasema naishi na dada yangu. Huo nao ni uongo, nauungama pamoja na mingine.

Ulikuwa umesema, “Likipona tu, uje.” Nikaona nikisema limepona utafagia chumba na kuningoja, na mimi sifiki. Nikisema ukweli utakuja, utanikuta jirani ananiosha miguu. Nilitoka Muheza kuja kufundisha huku, na suruali iliyopigwa pasi, kijiji kizima kikinipungia mkono, na ndivyo nilivyotaka unikumbuke. Nilikuwa na kiburi, Agnesi. Sasa kimekwisha, na kilichobaki ni siku ndefu.

Sitarudi nyumbani. Nitalala huku na Tumaini. Ndugu zake wamekwisha kunionyesha mahali. Lakini kabla ya hapo nataka kukuona. Nataka mtu anayejua jina nililoitwa na Mama nikiwa mtoto. Njoo na Daudi, mwanao. Gari ni lake, atakurudisha nalo. Mwambie asimruhusu fundi yeyote kuitupa themostati.

Nisalimie shemeji yangu, mzee wa kanisa, nami namwomba aniombee bila kutaja ugonjwa mbele ya watu. Nisalimie shangazi yetu anayetunza nyumba ya Baba. Mwambie macho yangu nayo yanafifia kama yake. Salamu pia kwa binamu yetu mshonaji.

Ukimaliza kusoma, usinipigie kuuliza kama ni kweli. Nikisikia sauti yako nitakwambia sijambo, ni wota pampu tu inasumbua, nawe kwa kunipenda utakubali. Panda basi. Stendi umuulizie Mama Chanda wa nyanya, atakuleta mpaka mlangoni. Mlango siufungi.

Nakuombea safari njema,
kaka yako,
Yohana