Kinundu cha Ardith

Jumapili, 20 Agosti 2023

Mazoezi kwenye malisho ya Merle. Tumepiga mizinga tisa. Joto kali. Ng'ombe wa jirani wamezoea, hawainui hata vichwa.

Sita kati ya tisa kwenye shabaha! Merle alirukaruka na tumbo lake lote. Yeye ni kaka wa Ardith, mke wangu, na ndiye mkuu wa kikosi, kwa kuwa mzinga aliusubu baba yao. Mzinga tunauita Hattie, shaba tupu, nakala ya mzinga wa kijeshi wa mwaka 1841. Nami nikapiga makofi. Mikono ilipiga. Mimi sijui nilikuwa wapi.

Ndivyo nilivyo tangu Februari. Tulimzika Ardith, nikala sandwichi za watu wa kanisani, nikarudi nyumbani nikakata kucha. Sikulia. Nilidhani kilio kitakuja baadaye. Bado.

Jambo la kuandika: nilipovua kile kifuko cha ngozi kidoleni, ngozi yangu mwenyewe ilibaki ndani. Lengelenge kwenye kidole gumba cha kushoto, kubwa, limepasuka. Sikuwa nimehisi chochote! Na shaba ilikuwa ya moto kiasi kwamba Duane, mwenzetu kikosini, alikuwa akiitemea mate ili aisikie ikichachatika.

Kifuko ni kidogo, kilikuwa cha Ardith. Miaka ishirini na miwili yeye ndiye aliyeziba tundu la kuwashia mzinga kwa kidole, mimi nikisafisha na kushindilia. Alipofariki niliomba nafasi yake. Corinne, binti yetu, akachukua mti wangu wa kushindilia. Hakuna aliyeniuliza sababu. Aprili nilikata kinundu fulani cha ngozi kilichokuwa kimeshonwa kwenye kifuko, mahali pa nyama ya kidole. Kiraka kibaya, kilinikera. Hata hivyo kifuko bado kinabana. Nadhani kinazuia damu.

Jumatatu, 21 Agosti

Nimetoboa kidole kwa sindano ya Ardith ya kushonea. Damu ilitoka. Basi haikuzuiwa.

Nimekula mkate na siagi. Nimelala mchana.

Alhamisi, 24 Agosti

Kliniki. Muuguzi mwenye uzi mgumu wa plastiki. Akaniambia nifumbe macho, niseme kila ninapohisi ananigusa. Nikangoja aanze. Kumbe alikuwa amekwisha maliza!

Kisukari. Huenda cha miaka mingi, anasema. Ganzi nyayo zote mbili, vidole vya mkono wa kushoto, na wa kulia umeanza. Akaniuliza kama nafanya kazi na vitu vya moto. Nikamwambia nimestaafu. Si uongo. Miaka thelathini na minane nilitengeneza matanuru ya kupasha nyumba joto. Nilikuwa nagusa bomba na kukwambia kuna moto kiasi gani, bila kipimo.

Amenipa vidonge na karatasi yenye picha ya samaki na brokoli. Nimeibandika kwenye friji. Sikusikitika. Nilisimama pale nikaisoma mara mbili kama tangazo la bima.

Jumapili, 27 Agosti

Mazoezi. Mizinga mitano tu, kwa sababu Corinne alisimamisha.

Niandike wazi ili nisijidanganye. Baada ya kila mlipuko hubaki cheche ndani ya bomba. Corinne anaingiza mti wenye ngozi ya kondoo iliyolowa, anazizima. Wakati huo wote mimi naziba tundu la kuwashia kwa kidole, hewa isipite. Nikiwa nimeziba vizuri, akichomoa mti unasikika mlio, po!, kama kizibo cha chupa. Ule mlio ndio kiapo changu kwake. Halafu anasukuma baruti ndani, na mkono wake wa kulia uko mbele ya mdomo wa mzinga. Nisipoziba, hewa inapuliza cheche, baruti inalipuka mkono ukiwa pale. Yaliyobaki kila mtu wa mzinga anayajua.

Leo mara ya tano hakukuwa na mlio.

Corinne akasema, "Baba, haulii."

Merle akadakia, "Ni ngozi hiyo ya kondoo. Imezeeka kuliko mimi. Shemeji, shona nyingine."

Wote wakanitazama. Nikasema ndiyo, ni ngozi. Nitashona.

Jumanne, 29 Agosti

Nimeshona ngozi mpya kwenye mti. Kazi nzuri. Ngozi ya zamani haikuwa na kasoro yoyote, nilijua hivyo nilipokuwa naikata.

Corinne alipita kutoka kazini na bakuli la tambi za jibini. Ananyoa mbwa. Alikuwa na mkwaruzo mrefu kwenye mkono wa kulia, eti kuna mbwa mmoja, pudo, ambaye hataki kuguswa masikio. "Ana tabia kama za Mjomba Merle," akasema. "Ukimgusa tu, anakuhadithia maisha yake yote." Nilicheka kwa sababu zamu yangu ya kucheka ilikuwa imefika.

Nikautazama ule mkono akiwa anapakua. Nikajilazimisha kuuona haupo. Mkono mtupu wa sweta, umebanwa kwa pini. Nikangoja nishtuke.

Sikushtuka. Nikaomba chumvi.

Ijumaa, 1 Septemba

Hakuna.

Jumamosi, 9 Septemba

Jaribio. Chupa ya maji, nikaziba mdomo kwa kidole gumba cha kushoto nikiwa na kifuko, macho nimefumba, nikaigeuza chini juu. Mara kumi.

Mara saba ilivuja! Kila mara niliapa nimeziba. Nilijua tu viatu vilipolowa.

Mashindano ya mizinga ni wiki ijayo. Kanuni inataka watu watano kwa kila mzinga, na sisi ni watano kamili. Nikijitoa, Hattie haupigi. Hiyo ndiyo sababu ninayojipa. Sababu nyingine ni hii: nikiwa pale, mkono wangu uko mahali ulipokuwa wa Ardith. Sina mahali pengine.

Nitamwambia Merle Ijumaa, uso kwa uso. Si jambo la simu.

Ijumaa, 15 Septemba

Tumefika Tanner's Hollow, uwanja wa mashindano, saa nane mchana. Mizinga ishirini na sita mwaka huu. Mahema, moshi wa soseji, watu wamevaa kofia za sufu kwenye jua hili, wenyewe wanaona raha.

Mezani kwa kujiandikisha yuko Orrin, kama kila mwaka. Shati la mikono mirefu, mkono mmoja umekunjwa na kubanwa kwa pini. Anaandika kwa mkono wa kushoto, mwandiko mzuri kuliko wangu. Mwaka 1994 ndugu yake Wendell alikuwa kwenye tundu, nyigu akamuuma shingoni, akanyanyua kidole. Basi. Wendell huja naye kila mwaka mpaka leo, lakini hakanyagi mstari wa mizinga. Hukaa nyuma ya meza na kumfungulia Orrin chupa za soda.

Corinne alipomaliza kutia sahihi, Orrin akamtania, "Wewe ndiye unayeshindilia? Nani yuko tunduni?"

"Baba."

"Ah. Basi uko salama."

Wendell aliinua macho akanitazama.

Wakati wa chakula nilikaa karibu na Merle kusudi. Nikaanza, "Shemeji, kuna jambo." Akaniwekea mkono begani, ana mahindi mdomoni. "Najua, shemeji. Najua. Mimi pia namkumbuka. Kesho tunapiga kwa ajili yake." Halafu akaanza kulia, pale pale, siagi kidevuni. Nikampa kitambaa cha karatasi. Ungelimwambiaje mtu kama huyo?

Sikumwambia.

Jumamosi, 16 Septemba. Asubuhi

Umande. Kahawa mbaya. Mizinga sita asubuhi hii, sita mchana. Nimevaa kifuko. Kidole kiko ndani, naona kwa macho.

Jumamosi, saa sita na nusu mchana

Tuko wa nne kati ya ishirini na sita! Merle hakamatiki, anatembea kila hema akiulizia afya za watu ili wamuulize alama zetu. Duane na mwenzake wamekwenda kutafuta bia.

Mara ya kwanza mti ulilia. Ya pili ulilia. Ya tatu haukulia, nikamwona Corinne amesita kidogo, halafu akaendelea. Alidhani kelele za mizinga ya jirani zimemfichia mlio. Ya nne na ya tano, sawa.

Ya sita haukulia. Safari hii alisimama. Akanitazama kutoka mdomoni mwa mzinga mpaka huku nyuma, mzinga wote uko katikati yetu. Nikatazama chini. Kidole changu kilikuwa pembeni ya tundu, upana wa ukucha mzima. Mimi nilikuwa naapa kiko juu yake. Nikakisogeza. Akalowesha tena, akaingiza, akachomoa. Po! Akashindilia. Shabaha, katikati.

Watu walishangilia. Mikono yangu haikupiga makofi mara hii.

Bado saa sita na nusu. Corinne amekuja.

Jumamosi, saa saba kasoro dakika kumi

Niandike upesi. Naandikia juu ya sanduku la vyombo, tumbo tupu.

Corinne alikaa kwenye nyasi akanyoosha mkono. "Baba, nipe kifuko."

Nikampa. Akakigeuza, akapapasa kwa kidole. Akapapasa tena.

"Kinundu kiko wapi?"

"Kile kiraka? Nilikikata Aprili. Kilikuwa kinanikera."

Akasema, "Kile hakikuwa kiraka."

Akanieleza. Ni hivi. Msimu wa mwaka jana dawa zake za saratani ziliua vidole vya Ardith. Ganzi mpaka kwenye kiganja. Hakujua tundu liko wapi. Akashona kinundu kiingie tunduni chenyewe, kikae. Kisipokaa, ataona kwa macho ngozi imeinuka. Alijaribu jikoni kwa chupa ya maji, Corinne akihesabu. Mara mia! Hakukubali kuja uwanjani mpaka zimepita mia bila tone.

Chupa ya maji.

"Kwa nini hakuniambia?"

"Alijua ungeacha mzinga ukae nyumbani kumtazama anavyokufa. Akasema, 'Ule mkono wa baba yako nimeuzoea, sitaki aupoteze kwa ajili yangu.'"

Alicheka aliposema hivyo, na machozi yakamtoka hapo hapo. Anacheka na kulia pamoja, ni wa mama yake huyu.

Msimu mzima niliweka mkono wangu mbele ya ule mdomo, kila Jumapili, na mlio haukukosa hata mara moja. Nilidhani ni bahati yetu. Kumbe ni sindano na uzi. Na mimi nikachukua mkasi.

Kuna kitu kimenishika. Nilidhani ni njaa au vile vidonge. Ni hofu. Naogopa! Nimeutazama mkono wa Corinne, ule mkwaruzo wa pudo umeanza kupona, na nimeona sweta na pini, na mara hii nimeshtuka. Ningeweza kumuua mwanangu kwa sababu sikutaka kuhama mahali pa mama yake. Nimeona haya. Nimeona haya sana.

Kisha akaniuliza, taratibu tu, akinitazama kidole wala si usoni:

"Baba. Vidole vyako vikoje?"

Na mimi, mjinga, mdomo wangu ukasema, "Kifuko kinabana tu."

Hakubisha. Akaweka kifuko hapa juu ya sanduku, karibu na daftari. Akainuka, akajifuta nyasi, akachukua mti.

Filimbi ya kwanza ya duru ya mchana.

Anakwenda. Nilidhani atamwendea Merle au msimamizi. Hakuwaendea. Amepita katikati yao, amekwenda moja kwa moja mpaka mdomoni mwa Hattie, upande wa kulia, mahali pake. Mti wima. Mkono wa kulia wa shati umekunjwa mpaka kwenye kiwiko. Amegeuka ananitazama. Anangoja.

Kule nyuma ya meza Wendell amesimama. Sijawahi kumwona akisimama.

Filimbi ya pili. Kifuko kiko hapa. Merle anapiga kelele, "Tundu! Lowell! Tundu, shemeji, wewe tu!"

Wewe tu. Corinne hajasogea. Nimeinua mkono juu, ule wa kushoto, mtupu, ili wauone wote, na naandika kwa huu mwingine, na Merle anauliza nina nini, na namjibu kwa sauti, vidole hivi havihisi kitu, siwezi kuziba