Uno ya Nono na Injini ya Kukimbia

Škuljari,
Istria.
27 Aprili 2006

Mpendwa Shangazi Loredana,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Hujambo huko Melbourne? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa Pasaka kimekuachia? Na binamu zangu, wameshazoea shule mpya? Sisi huku tu wazima, isipokuwa mguu wa bibi yetu Nona bado unavimba akisimama sana. Hasikii la mtu. Jana alikwenda tena msituni kuchuma mboga ya asparaga, akarudi na kikapu kimejaa na soksi zimechanika.

Baba amemaliza kupiga dawa mizabibu ya chini. Anasema mvua ikitulia, mwaka huu tutapata mvinyo wa kumtia mtu adabu.

Shangazi, hayo yote nimeyaandika ili nichelewe kufika hapa. Naogopa. Unanijua nilivyo, hata dukani naonyesha kwa kidole. Kwa simu nisingeweza kusema. Ungesikia pumzi tu. Ndiyo maana naandika.

Jambo lenyewe ni kaka yangu Sandi na lile gari dogo, Uno nyeupe aliyoiacha marehemu babu yetu Nono. Unaikumbuka: ya kwendea sokoni, mlimani mpaka uiombe. Sandi ameitoa injini yake na kufunga nyingine yenye turbo, iliyotoka kwenye gari lililogongwa kwa nyuma. Tuliifuata Monfalcone, ng'ambo ya mpaka, kwa mzee mmoja Mwitaliano anayeuza vipuri, na mimi nilichukuliwa niwe mkalimani, kwa kuwa nasoma shule ya Kiitaliano.

Yule mzee hakutaka kuitoa injini peke yake. Alisema injini hii huenda na breki zake, diski kubwa na kila kitu, kwa sababu breki za Uno ya kawaida ni za kumsimamisha babu anayetoka kanisani. Nikatafsiri neno kwa neno. Sandi akacheka, akasema, "Mwambie nimekuja kununua injini ya kukimbia, siyo ya kusimama." Hilo niliona haya kulitafsiri. Nikamwambia mzee kwamba kaka anashukuru. Mzee alinitazama kidogo, kisha akazitia breki kwenye buti bila kuongeza bei.

Tulipofika nyumbani ikaonekana diski hizo haziingii ndani ya rimu za zamani, rimu ni ndogo mno. Sandi akasema breki ni baadaye. Injini ikafungwa, gari likaanza kunguruma mpaka vikombe vya Nona vikatembea kabatini. Nona alisema tu kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma, akaendelea kumenya viazi.

Wiki iliyopita Sandi alinichukua tupande kilima, kisha tushuke hadi mtoni Mirna. Kupanda kwanza kulikuwa kama kusukumwa mgongoni na mkono wa mtu, na sikatai, nilicheka. Katika kushuka, kona ya kwanza breki zilishika. Ya pili zikashika kwa shida, na pakaanza kunuka kama pasi iliyosahauliwa juu ya nguo. Ya tatu nikauona mguu wake unakanyaga na pedali inazama hadi chini, na gari haliulizi kitu. Alirudisha gia, akavuta breki ya mkono, tukaingia kwenye shamba la mizabibu la Mzee Pino na kusimama katikati ya nguzo zake. Sandi alicheka, lakini midomo ilikuwa myeupe.

"Hakuna kilichotokea," aliniambia. "Umeona? Hakuna kilichotokea. Zimepata joto tu, zikipoa ziko sawa. Na Baba asijue."

Kumwambia Baba nimejaribu, ulimi ukanifia. Halafu Baba mwenyewe, akijifanya amekasirika, namwona anapunguza redio aisikie vizuri ile injini.

Jumapili hii vijana wa vijiji vyote wenye magari waliyoyachokonoa wanakutana mtoni, wanapanda hadi kileleni mmoja mmoja wakipimwa kwa saa ya mkononi, kisha wanashuka wote pamoja. Badala ya kutafuta rimu, Sandi amelipunguza gari uzito. Ametoa zulia, tairi la akiba, kiti cha nyuma na kiti cha abiria. Anasema gari jepesi halihitaji breki nyingi. Rafiki yake Mauro alimpigia makofi.

Leo mchana nilikwenda gereji. Walikuwemo wote wawili. Nilifungua mlango wa Uno, nikaketi mahali palipokuwa na kiti, juu ya bati tupu.

"Sandi, umeongezewa mzigo," Mauro akasema. "Kapanya haka kamejaa vitabu, ni sekunde mbili nzima hizo."

"Toka, Nives, tuna kazi."

Nikasema Jumapili nakwenda naye. Sauti ilitoka kama ya mtu mwingine.

"Acha utoto. Hakuna hata mkanda hapo."

"Si umesema zikipoa ziko sawa?"

"Toka bwana."

"Basi niambie kwa nini."

Aliiweka spana chini. "Na wewe ndani siwezi," akasema.

"Kumbe unajua," nikamwambia.

Mauro aliacha kucheka. Sandi akatoka nje, mlango akauacha wazi, na hadi sasa hajanisemesha. Wakati wa chakula alikula akitazama sahani. Kutoka hapa dirishani naiona Uno iko juu ya jeki, magurudumu ya mbele yametolewa. Sijui anafunga zile breki za mzee au anafungua kitu kingine cha kupunguza uzito, na kuuliza naogopa. Barua hii itakapokufikia, Jumapili itakuwa imepita, na wewe utakuwa umeshasikia. Mimi ninayeandika ndiye nisiyejua.

Nisalimie binamu zangu Tea na Damir, na jirani yako Bi Gracijela. Nona anakubusu mashavu yote mawili, Baba pia, ingawa hajui nakuandikia. Mungu akulinde huko uliko, na akibakiwa na mkono mmoja, auweke kwenye ile kona ya tatu.

Mtoto wa kaka yako akupendaye sana,
Nives