Treni Iliposimama Mlimani

Mdogo wangu wa pekee,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na watoto wote, mkubwa kwa mdogo. Goti lako linaendeleaje? Natumaini ile dawa ya kuchua imekusaidia, na kama haijasaidia usiendelee kuipaka kwa sababu tu umeshainunua. Na cherehani je, umeipeleka kwa fundi au bado unaipiga makofi mpaka ikubali kushona? Mimi huku ni mzima, tena mzima wa kupitiliza. Nakuandikia nikiwa kwa mwanangu mkubwa, yule seremala, nimekalia kigoda mbele ya meza yake ya kazi, kwa hiyo ukikuta vumbi la mbao ndani ya bahasha usidhani ni uchafu wangu.

Utajiuliza kwa nini barua na simu ninayo. Mdogo wangu, simu yako shemeji huiweka spika halafu hujibu yeye. Haya ni ya macho yako, na ukifika kule mwisho usome ukiwa umejifungia.

Habari kubwa naitanguliza, maana najijua, siwezi kuishikilia. Mwanao, yule binti yangu wa reli, amefaulu. Tangu juzi anaruhusiwa kuendesha treni ya abiria kama dereva kamili, si msaidizi tena, na kwenye njia yetu yote hii hakuna mwanamke aliyewahi kufika hapo kabla yake. Rudia kusoma hapo kabla hujaendelea. Mimi nitakusubiri.

Sasa nikupe mkasa wenyewe. Unajua alivyoanza, miaka miwili karakana anapaka magurudumu grisi, jioni namsugua mikono kwa ndimu na mchanga laini na bado anakula akinuka injini. Halafu miaka mitatu ya kuwa msaidizi. Mwaka huu ndipo wakampa safari sita za majaribio, na anayemtahini ni bwana mmoja madereva wote wanamwita Mzee Dakika, kwa sababu anatembea na saa mbili, moja mkononi na moja mfukoni, na ya mfukoni kazi yake ni kuikagua ya mkononi. Safari tano alizimaliza vizuri. Hiyo ya sita ndiyo yenye uamuzi. Reli yetu inakomea njia panda, na abiria wanaoendelea mbele hupanda basi la saa tisa na nusu. Basi hilo halimsubiri mtu. Sharti alilotajiwa likawa moja tu, abiria wake walikute. Wakilikosa, anarudi karakana mwaka mzima kushika kopo la grisi, ndipo aanze tena.

Binti akaja kuniambia mapema, kwa heshima zote, kwamba siku hiyo nibaki nyumbani. Akaniapisha kabisa. Alisema hajasahau siku aliyomaliza chuo, nilivyosimama katikati ya hotuba ya mkuu wa chuo nikapiga vigelegele mpaka yule bwana akapoteza ukurasa na kuanza hotuba upya. Mimi nikaapa sitakanyaga stesheni. Lakini niambie wewe mwenyewe, mdogo wangu, mtoto umembeba mgongoni, umemfundisha kufunga kamba za viatu, leo anavuta mabehewa kumi na mawili, wewe ubaki nyumbani unachambua mchele? Nikamwomba jirani anikopeshe miwani yake ya jua, nikajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi, nikakata tiketi ya treni na ya basi kwa pamoja, nikajiambia nakwenda kumtembelea kaka yake. Nani atamzuia mama kumtembelea mwanawe?

Tuliondoka saa kumi na mbili asubuhi, mimi nikiwa behewa la tano. Ungeona treni ilivyong'oka. Nilikuwa nimeweka chai yangu dirishani, kikombe kimejaa, na halikumwagika tone. Nikawatazama wenzangu kuona kama wamegundua. Wapi, wanapiga miayo tu.

Mbele yangu aliketi mwalimu mmoja mstaafu mwenye kofia ya sufu, na pembeni yake dada wa saluni aliyebeba mashine ya kukaushia nywele kama mtoto mchanga. Mwalimu yule ana mkwe wake mhandisi. Nimelijua hilo kabla hatujapita mzani wa malori, na kufikia stesheni ya tatu nilishajua nyumba ya mhandisi ina vyumba vingapi na mbwa wake anakula nini. Mimi hapo nina dereva wa treni yenyewe aliyokalia yeye, na siwezi kusema neno, maana nikisema habari zitamfika binti kwenye kichwa cha treni na mawazo yatamhama. Ulimi uliniwasha kama umepakwa pilipili. Nikawa najibu tu, hongera mwalimu, hongera sana.

Basi, saa saba na dakika kumi hivi, tunapanda ule mlima mrefu kabla ya daraja, breki zikashika zenyewe. Mabehewa yakalia, mizigo ikashuka kutoka juu, treni nzima ikasimama kwenye mteremko, pua juu, mkia chini. Mimi wakati huo sikuwa kitini, nilikuwa nimekwenda kunyoosha miguu, na niliporudi nikaikuta kofia ya mwalimu iko mapajani kwa dada wa saluni.

Gadi wa treni akapita akiuliza behewa kwa behewa. Akasema kuna mtu amevuta breki ya hatari, na vifaa vinaonyesha ni humu humu, behewa la tano. Watu wakatazamana. Wengine wakaanza kuhesabu saa kwa sauti, kwamba tukikaa hapa nusu saa basi limeshatuacha. Mama mmoja akasema anakwenda kumwona mgonjwa, akilala njia panda hatamkuta. Nami nikahesabu yangu kimoyomoyo. Mwaka mzima. Kopo la grisi.

Halafu akaingia yeye. Mzee Dakika alikuwa amebaki juu kwenye kichwa na kumtuma akague treni mwenyewe, ili amwone atakavyofanya. Mdogo wangu, sijawahi kumwona mwanangu kazini. Ana glavu nene, kofia ngumu, taa imening'inia shingoni ingawa ni mchana, na uso ambao sikuujua, uso wa mtu mwenye watu mia sita mikononi. Nikageukia dirishani nikajifanya nimelala. Akawaomba radhi abiria, akauliza kama kuna aliyeumia, kama kuna mgonjwa, kisha akasema aliyevuta ajitokeze tu, hapigwi mtu. Mwalimu akavaa kofia yake polepole, akasema kumbe dereva ni mwanamke, ndiyo maana tumekwama.

Damu ilinipanda mdogo wangu, nikashika ukingo wa kiti. Yeye wala hakubadilisha sauti. "Mzee wangu," akamwambia, "breki imevutiwa humu ndani. Kazi yangu ilikuwa treni isirudi nyuma, na haijarudi hata hatua. Sasa nipishe nikuwahishe basi lako."

Mwalimu akampisha.

Kaka yake, ambaye binti humweleza kila kitu, amenieleza jana kazi yenyewe ilivyo, na mimi nakueleza kama nilivyoelewa. Treni ikisimama mlimani, ubaya si kusimama, ubaya ni kuondoka. Dereva mwenye pupa huachia breki kabla injini haijashika uzito, mabehewa yote yakamvuta nyuma. Mwenye woga naye hukanyaga moto, magurudumu yakazunguka bure mpaka vyuma vikachomeka. Binti alifunga breki za mkono, akatembea urefu wa treni yote kwa miguu kwenye kokoto, akainama kila behewa kutazama gurudumu, akarudisha breki ile mahali pake, akapanda juu. Tukasikia honi. Halafu tukaondoka, na naapa sikujua tumeondoka mpaka nilipoona nguzo ya simu inapita. Zilikuwa zimekwenda dakika thelathini na tano.

Treni ilitakiwa ifike saa tisa kamili. Kwa hesabu hiyo basi tumelikosa kwa dakika tano. Lakini mbele kulikuwa na stesheni mbili ambazo treni husimama robo saa, watu wanashuka kununua mayai na kupiga soga. Gadi akatangaza kwamba leo ni dakika kumi tu kila stesheni, atakayeshuka kununua mayai atayala hapo hapo stesheni. Hivyo ndivyo binti alivyozirudisha zile dakika, bila kuzidisha mwendo hata kidogo, maana mwendo nao Mzee Dakika alikuwa anausoma. Behewa zima likaanza kumshabikia. Dada wa saluni akawa anatangaza saa kila dakika tano. Hata mwalimu alitoa saa yake ya mnyororo, akasema kwa sauti ndogo kwamba huyu binti anajua hesabu.

Tuliingia njia panda saa tisa na dakika ishirini na tano. Basi linanguruma, kondakta ameshaweka mguu kwenye ngazi. Watu walikimbia mdogo wangu, na mimi kwa mwili huu nilikimbia, mtandio mkononi, miwani ya jirani ilianguka nikairudia. Tukaingia wote. Yule mama wa mgonjwa akaingia. Nilipopata kiti nikatazama nje, nikamwona binti anashuka kwenye kichwa cha treni, na Mzee Dakika nyuma yake. Mzee akatazama saa ya mkononi. Akatoa ya mfukoni, akaitazama nayo. Kisha akavua kofia, akampa mkono, na hakuuachia haraka.

Hapo niliachia. Nilisimama katikati ya basi nikasema, "Dereva yule nimemzaa mimi." Nikarudia kwa waliokaa nyuma. Watu walipiga makofi mpaka dereva wa basi akapiga honi akidhani kuna ugomvi. Mwalimu alinishika mkono akasema mama, umenisikiliza habari za mkwe wangu siku nzima na wewe umekaa na hilo moyoni? Nikamjibu kwamba mimi si mtu wa kujisifu. Usicheke.

Kisha wakaanza kumlaani aliyevuta breki. Dada wa saluni alisema mtu wa namna ile ashushwe porini. Nami nikawaunga mkono kwa nguvu zote, nikasema watu wengine wanapaswa kupimwa akili kabla ya kuuziwa tiketi.

Sasa funga mlango.

Ni mimi, mdogo wangu. Ni mimi niliyevuta.

Sikwenda kunyoosha miguu. Nilikuwa nimebanwa tangu stesheni ya pili kwa sababu ya chai ile ile niliyokusifia, na nikajizuia nisikose kuona chochote, mpaka nikashindwa. Nikaingia kile chumba kidogo cha mwisho wa behewa. Nilipomaliza nikatafuta maji. Hakuna ndoo, hakuna bomba, hakuna mnyororo. Ila ukutani kulikuwa na mpini mwekundu, mzuri, na juu yake maandishi makubwa: DHARURA. VUTA. Wewe unajua nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa la nini. Baba alilileta kutoka ofisini alikokuwa tarishi, akatukataza kutaja choo mbele ya wageni. Sema nina dharura, basi, mgeni ataelewa. Mpaka leo mimi na wewe tukibanwa tunasema hivyo. Niliposoma pale nikafurahi, nikasema hawa watu wa reli ni waungwana, hawakuandika jina la kitu wazi wazi. Nikavuta kwa mikono miwili.

Treni iliponirusha nikagonga mlango ndipo nikaelewa. Wewe wazia nilivyorudi kitini. Mikono yangu hii ilikuwa karibu imrudishe mwanangu kwenye grisi, na sikuwa na ujasiri wa kufungua mdomo, mimi, ambaye sijawahi kunyamaza hata kanisani wala msibani.

Binti alinipigia jioni ile ile. Akanieleza yote kama mtu anayemweleza asiyejua, nami nikawa nashangaa mahali pa kushangaa. Akasema Mzee Dakika amemwambia kuondoka mlimani na mzigo kamili ndio mtihani ambao hajapata kuuona katika safari zote tano, na hawezi kuupanga, lazima utokee wenyewe. Bila hiyo breki angemwongezea safari tatu nyingine. Nikavimba kichwa palepale, nikawaza, basi nani amemfaulisha?

Halafu akasema, "Mama, kwenye ripoti wana mahali pa kujaza sababu ya kusimama. Nimeandika: abiria alikuwa na dharura. Si sijasema uongo?"

Nilicheka mpaka kaka yake akazima msumeno kuja kuniangalia. Sikumuuliza amenijuaje. Nani mwingine duniani angelisoma neno lile hivyo, labda wewe?

Nisalimie shemeji, mwambie amefaulu na uishie hapo. Wabusu watoto, goti ulipumzishe, na barua hii ukishaisoma ishonee ndani ya mto. Jumatatu narudi nyumbani kwa treni ya mwanangu, bila mtandio, na nimeambiwa niketi behewa la kwanza. Siku utakayokuja kupanda na wewe, maji ya mle chooni ni ile pedali ya chini, unakanyaga kwa mguu wa kulia.

Dada yako akupendaye,

Mama Dereva