Mkono wa Gancho kwenye mkia wa horo

Shangazi Nevena mpendwa, naomba unishauri kwa jambo ambalo wengine watalicheka, maana si ugomvi wa urithi wala mume mkorofi, ni habari ya mkono tu, na mwenye mkono huo tulimzika mwaka jana, majira ya kuchoma pilipili hoho, wakati mtaa mzima unanuka moshi mtamu, na mpaka leo nikisikia harufu hiyo nageuka kumwita afunge madirisha.

Mume wangu aliitwa Gancho, alikuwa fundi wa mabomba, na kila Alhamisi jioni tulikwenda jumba la utamaduni kwenye darasa la horo, ngoma yetu ya kushikana mikono kwenye mstari, na ingawa hatua tulizijua vizuri kuliko wengi hatukukaa mbele, kwa sababu yeye alipenda kushika mkia, yaani kuwa mtu wa mwisho kabisa kwenye mstari, kule wanakowekwa wanaoanza. Unajua mwenyewe ilivyo. Wanaojua wanashikana mbele na kupaa, wasiojua wanarundikwa nyuma, na akikosea mmoja huko nyuma jirani yake naye anakosea, na aibu inapita kwenye mikono upesi kuliko ngoma yenyewe, mpaka mtu anaamua bora abaki nyumbani na televisheni. Gancho hakupenda hilo. Yeye alisimama mwisho, mimi nikasimama upande wa pili, na wanaoanza akawaweka katikati yetu, akisema, "Tuwabane kama jibini ndani ya mkate, hawatapata pa kuangukia." Akimwona mtu anaona haya, alikosea yeye kwa makusudi, tena kwa kishindo, ili watu wamcheke yeye.

Ngoma ya kopanitsa ndiyo iliyowashinda zaidi, ile ya hatua mbili fupi, moja ndefu, kisha fupi mbili tena, na yeye aliwafundisha kwa kusema, "Supu, supu, kabichi, supu, supu," na kabla tu ya kabichi alimbinya mkono jirani yake kidogo, ili mguu ujue kabla ya kichwa, na jirani akambinya anayefuata, hivyo hivyo, mpaka ule mbinyo unanifikia mimi. Shangazi, nilikuwa naungoja. Tulikuwa watu wa maneno machache nyumbani, yeye na mabomba yake na mimi na cherehani yangu, lakini kila Alhamisi nilikuwa napata salamu yangu kwenye mkono wa kushoto na ilinitosha wiki nzima.

Kati ya waliojifunza kwake alikuwepo Tsonka, mwokaji wa mikate, mwanamke mnene mwenye kelele, ambaye wale wa mbele walimwambia, "Tsonka, ukikosea tena tutakufunga kengele tujue uko wapi," naye akajibu, "Nifungeni mbili, niende sawasawa!" Huyo alikuwa mzito wa kujifunza kuliko wote, na misimu miwili mizima ya baridi alisimama yeye peke yake kati yangu na Gancho, na mwishowe akaweza.

Mwaka wa msiba ulipokwisha, tukagawa ngano ya kuchemsha makaburini kama ilivyo desturi yetu, na Alhamisi iliyofuata miguu ikanipeleka yenyewe jumbani. Nikasimama karibu na makoti. Mkia sasa alikuwa ameushika Tsonka, maana hakuna mwingine aliyeutaka. Akaniona, akaacha mstari, akaja mpaka pale, akasema, "Dada Stoyanka, umesimama hapo kama koti lililosahauliwa. Njoo." Akanishika mkono akaniingiza, mimi kulia kwake na wanaoanza kulia kwangu. Kopanitsa ikaanza. Supu, supu, na kabla ya kabichi akanibinya.

Ulikuwa uleule. Si wa kufanana, uleule, kwa kidole gumba, kwa wakati uleule. Nilichomoa mkono kama nimegusa jiko, nikapiga kelele mbele ya wote, "Acha! Huo si wako!" na mstari ukakatika, wanaoanza wakagongana, wale wa mbele wakaendelea kucheza bila kugeuka. Tsonka akajifuta mikono kwenye sketi kana kwamba ina unga. "Basi, dada," akasema. "Sikujua." Akachukua koti lake.

Tangu siku hiyo haji. Wanaoanza nao wameacha mmoja mmoja. Nikienda kununua mkate ananihudumia vizuri, lakini chenji ananiwekea kwenye kisahani, hanipi mkononi kama zamani, nami natoka pale nikiwa nimekumbatia mkate moto na moyo umeganda. Wiki hii Vesela, mwalimu wetu, amekuja nyumbani akakaa ukingoni mwa kiti kama mtoza bili. "Shangazi Stoyanka," akasema, "bila mtu wa mkiani siwezi kuwafundisha wanaoanza. Shika mkia wewe, au kuanzia sikukuu ya Mtakatifu Dimitar nalifunga kundi lao, nabaki na wanaojua."

Siwezi kukubali, shangazi, kwa sababu anayeshika mkia mkono wake wa kushoto haushikwi na mtu, anapunga leso tu, na mkono huo ndio niliokuwa napokelea. Na siwezi kukataa, maana kundi lile ndilo kitu pekee alichokijenga ambacho hakivuji. Na ukweli ambao sijamwambia mtu ni kwamba natamani nibinywe tena vile, hata na Tsonka, usiku na mchana natamani, kisha naona haya kama mtu anayetaka kudanganywa. Je, namkosea marehemu? Nishike mkia, au niache kundi lifungwe?

Stoyanka, mtaa wa kiwanda cha nguo

MSHAURI ANAJIBU

Pole, Stoyanka. Nasema pole mwanzoni kabisa kwa sababu yanayofuata si matamu.

Umeandika vizuri, lakini hukusoma ulichoandika. Unasema Gancho alisimama mwisho, wewe upande wa pili, na wanaoanza katikati. Unasema misimu miwili mizima ya baridi Tsonka alisimama kati yenu. Haya niambie, mama, mkono uliokuwa unakubinya ulikuwa wa nani? Gancho alimbinya Tsonka, na Tsonka akakubinya wewe. Kidole gumba unachokililia ni cha mwokaji wa mikate. Bila shaka kwanza kilikuwa kinachelewa, kisha kikawahi, na wewe hukugundua, maana uliyemngoja alikuwa mumeo, na mumeo kweli ndiye aliyekutumia salamu. Hukudanganywa wakati ule na hudanganywi sasa. Salamu ni yake, na aliyekuletea ni mwingine, kama siku zote. Kwa hiyo hapana, humkosei marehemu. Uliyemkosea yu hai, na anauza mikate.

Na umemkosea mara mbili. Wewe ni mtu wa hapa, unajua kwamba kwetu mwenye msiba haingii kwenye horo mwenyewe. Husimama pembeni mpaka mtu aje amshike mkono amwingize. Mama yangu alikaa ukutani harusi tatu baada ya baba kufa, anapiga makofi na kutabasamu, kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake atamwita. Sitasahau viatu vyake siku hizo, vimepigwa rangi, havina vumbi. Wewe ulipata wa kukuita. Ndani ya jumba lililojaa watu wanaojua hatua zote, aliyejua kazi hiyo alikuwa Tsonka peke yake. Naye hakuona haya kuacha mstari. Nawe ukampigia kelele.

Sasa kuhusu mkia. Usiushike. Nasikia unashangaa, lakini sikia. Mkia haukuwa mali ya Gancho kama nyundo zake, wewe uurithi au uuze. Alimchukua mwanafunzi mzito kuliko wote, akamweka karibu naye mpaka akaweza. Huyo ndiye mrithi, alimwandaa mwenyewe mbele ya macho yako. Ukiushika wewe kwa kulazimishwa, utasimama pale ukiomboleza kwa leso, na wanaoanza watajifunza kuomboleza, hawatajifunza kopanitsa.

Kesho nenda dukani kwa Tsonka. Usimpelekee keki, mwokaji hapelekewi keki. Usijieleze sana. Nyoosha mkono juu ya meza, mshike, wateja waone, useme, "Alhamisi nakupitia, twende pamoja." Akikataa, rudi kesho yake, mkate unahitaji kila siku. Kisha pitia na wale walioacha, mmoja mmoja, na uwaambie kosa lilikuwa lako, si miguu yao. Hilo watapenda sana kulisikia. Wanaoanza huamini kila kitu kinachovunjika wamekivunja wao.

Wewe Vesela, najua unasoma safu hii, mama yako ananiambia. Darasa la wanaojua tu si darasa, ni kioo. Wape wa nyuma muda wao, na hao wa mbele wafundishe kugeuka kutazama nani yuko nyuma yao.

Narudi kwako, Stoyanka, kwa jambo moja. Barua yako yote inasema jinsi ulivyopokea. Ulipokea kila wiki, ikakutosha wiki nzima. Hakuna mahali umesema kwamba uliwahi kumbinya aliye kulia kwako. Nadhani ulikuwa unauweka ule mbinyo, unakwenda nao nyumbani. Sikulaumu, ulikuwa wako na mume alikuwa hai. Lakini sasa mwambie Vesela akuwekee kulia kwako yule anayeogopa kuliko wote. Ukibinywa, machozi yatakuja. Yaache yaje, huna mkono wa kuyafutia hata hivyo. Wewe mbinye mwenzako, tena usichelewe, kwa sababu yeye hajui kabichi iko wapi na anakungoja wewe.