Mti Wako Ulikuwa Umelala

Mpendwa Baba Upendo,

Mwanao anakuja Jumamosi. Nimeanzia hapo kwa sababu ungekuwepo ungenikatiza salamu ili uulize, nami ningekwambia subiri nimalize kwanza, mbona huna adabu mzee mzima. Sasa hakuna wa kunikatiza, na salamu zenyewe zimeniishia.

Amepata karatasi zake. Zilezile zilizomzuia kuja kukuzika zimetoka mwezi huu, kama mgeni anayefika sufuria zimeshaoshwa. Juzi alinipigia simu kutoka huko Kanada, akacheka, akalia, akacheka tena. Kisha akasema, "Mama, nikifika tu nataka nikae chini ya mti wa baba. Usinitumie picha. Nataka niuone mwenyewe." Nikamjibu, haya mwanangu. Nilipokata simu nilitoka nje nikasimama upande wa mashariki wa nyumba, mbele ya dirisha la jikoni. Pana shimo pale, Baba Upendo. Nimelifukia mara mbili, na kila mvua ikinyesha udongo unatitia tena.

Kuna jambo nilikuficha, na nataka ulijue wewe kabla ya mtoto. Ndiyo maana ya barua hii.

Unakumbuka tulivyoanza? Upendo alikuwa ameshaolewa huko, ameshajifungua huko, na kila picha aliyotutumia ilikuwa na mti uleule nyuma yake, mepo, ule ambao jani lake liko kwenye bendera yao. Mimi nilimtazama mjukuu. Wewe ulitazama mti. "Siku akirudi huyu," ukasema, "ataona kama kaja kwa watu baki. Tumpandie mmoja." Nikakwambia Madale hakuna barafu. Ukanijibu kwamba hakuna na wivu pia, lakini watu wanaishi. Sikukuelewa, na hukufafanua. Ulikuwa hivyo.

Mbegu za kwanza zilikuja ndani ya kadi ya Krismasi, kila moja na bawa lake kama kumbikumbi. Ulikuwa umesoma kwamba lazima zisikie baridi miezi kadhaa ndipo ziote, basi ukazifunga kwenye kitambaa kibichi, ukaziweka kwenye friji kati ya sato na mchicha wangu. Umeme ukikatika ulikimbilia dukani kwa Bi Salma kuazima barafu. Mimi nimeumwa malaria katika nyumba hiyo na sikuwahi kukimbiliwa namna ile.

Zikaota tatu. Jua la Januari likazikuta. Majani yakaanza kukauka pembeni, yakakunjamana, yakawa ya kahawia, na hayakudondoka. Yaling'ang'ania matawi mpaka Pasaka, ulipokubali kwamba umezika. Baadaye ukaja na mepo wa Kijapani, kitu kifupi chenye majani kama vidole vya mtoto mchanga. Huyo ulimweka barazani apate jua la asubuhi tu, ukamfunika mizizi kwa makumbi ya nazi. Akavuka masika moja. Naye akafa vilevile, majani yamemkaukia mwilini.

Nilikucheka. Nilikuita Bwana Misitu mbele ya wanajumuiya, na ulicheka pamoja nao. Nilidhani umekoma, kumbe ulikuwa unasoma.

Miaka yako yote ya ukarani wa ardhi ilikuachia ugonjwa mmoja: kuandika kila kitu kwenye daftari la kaunta. Alasiri moja ukaniita nikiwa nachambua mchele. "Mama Upendo, tumekosea swali. Sisi tunauliza mti gani mzuri. Tungeuliza mama yake katokea wapi." Ukanifafanulia kwa kidole mezani. Kuna mepo wa aina nyingi, na yupo mmoja, mepo mwekundu, anayeota tangu kaskazini kwenye theluji mpaka kusini kabisa mwa Marekani, kwenye joto na vinamasi. Jina ni moja. Lakini mbegu iliyookotwa kaskazini ikiletwa Dar itakufa ikisubiri baridi, na iliyookotwa kusini imeshalijua joto tangu kwa bibi yake. "Usichague kwa sura wala kwa jina," ukasema. "Chagua kwa alikozoea."

Nikakuuliza, na sisi je, tulizoea wapi? Ukacheka. "Wewe nimekutoa Marangu kwenye ukungu, nikakuleta Kiwalani chini ya bati la moto, ndege zinapita kichwani. Ulikufa?"

"Nilikaribia," nikasema, na haikuwa utani.

Ni Kiwalani huko ulikoleta sale. Ulikuwa umekwenda nyumbani Marangu mara moja, ukarudi na shina lake ndani ya kopo la rangi, ukaliweka mlangoni kwenye chumba chetu kimoja. Majirani walidhani ni ua. Mimi nilijua. Kwetu, aliyekosa akikuletea jani la sale, shauri limekwisha. Hata kama moyo unachemka, unapokea na unasamehe. Ukaniambia, "Hili ni kwa makosa yangu ya mbele." Na ulilitumia, Mungu anajua. Ulinipa jani siku uliyorudi usiku wa manane nami nimehangaika peke yangu na Upendo mwenye degedege. Ulinipa jani ulipomkopesha kaka yako mabati yetu. Nilipokea nimenuna, lakini nilipokea. Tulipohamia Madale kopo lilipanda gari pamoja nasi, ukalipanda sale getini, likawa kichaka. Mimi sikuwahi kukata hata jani moja. Katika nyumba ile mkosaji alikuwa wewe. Ndivyo tulivyokuwa tumegawana.

Mbegu za kusini zikaja. Ikaota moja tu. Mwaka mzima uliilea ndooni nyuma ya tangi la maji, ambako mimi nilikuwa sipiti, kisha ukauhamishia mche ardhini pale dirishani, mahali panaposhika maji na jua la mchana halifiki. Ukashika. Ukafika kiunoni, ukafika kifuani. Kila Jumapili baada ya ibada ulimpigia Upendo, ukaielekeza simu kwenye majani, ukanyamaza uwaache waonane.

Mwanzoni mwa mwezi wa saba ukalazwa.

Wiki ya pili majani yalianza kuanguka. Sikuyaona vizuri, nilikuwa natoka alfajiri na chupa ya uji na kurudi giza limeingia. Siku nilipoyatazama, mti ulikuwa uchi, fimbo tupu. Bi Salma alikuja kukujulia hali, akasimama pale mkono kiunoni. "Shoga yangu, huu ushakufa. Na wewe una mgonjwa, mti mkavu dirishani wa nini? Ung'oe. Akirudi mwambie mbuzi kala."

Simlaumu. Alinihurumia. Na mimi si mtu wa kuamini mambo ya mti mkavu, mimi ni mzee wa kanisa. Lakini nilikuwa nimechoka, na sikutaka urudi nyumbani ukute maiti ya tatu. Nikachukua jembe.

Mizizi iligoma. Hapo ningepaswa kujiuliza. Kilichokufa hakishiki ardhi namna ile. Nikaikata kwa panga. Kisha nikataka kuvunja shina ili lienee kwenye shimo la taka, likakataa kuvunjika, likapinda, gome likachubuka, na ndani palikuwa kijani, pamelowa. Palepale niliurudisha shimoni, nikaumwagilia, nikauombea, nikakuombea na wewe kwa pumzi hiyohiyo. Baada ya wiki mbili ulikuwa mweusi mpaka chini.

Nawe kila nikifika wodini unauliza kwanza mti, ndipo unauliza mimi. Nilikuwa nasema haujambo. Mwanzoni mwa mwezi wa nane, siku ile uliyoomba nikuinue mto, ukauliza tena.

"Umechipua," nikasema.

"Umechipua?"

"Ndiyo."

"Majani rangi gani?"

Nilifikiria bendera. "Mekundu."

Ukanitazama muda mrefu. "Basi ni wenyewe," ukasema. Ukataka simu, ukamwambia Upendo kwa sauti ile iliyokuwa imebaki, "Mti wako umeshika, mama." Siku ya nne yake tulikusafirisha kwenda Marangu.

Ningebaki na uongo wangu nikazeeka nao. Ila niliporudi Madale nilifungua daftari lako kutafuta namba ya fundi wa maji, nikakuta ukurasa wa mwaka uliotangulia, mti ukiwa bado ndooni. Umeandika kwa mwandiko wako wa ofisini: *Mwezi wa saba umepukutisha majani yote. Si kufa. Majani yakikauka na kung'ang'ania, mti umekufa. Yakidondoka yenyewe, umelala. Kwaruza gome kwa ukucha, uone kijani. Mwezi wa tisa umeamka, majani machanga mekundu.*

Ukucha tu, Baba Upendo. Nina kucha kumi.

Lakini silo linalonikosesha raha zaidi. Ulijua kwamba mti ule hauamki kabla ya mwezi wa tisa. Uliandika mwenyewe. Na mimi nimekuja na machipukizi yangu mwezi wa nane haujafika hata wiki. Sasa nakuuliza, na najua hutanijibu: ulikuwa umepotewa na hesabu ya miezi kwa ajili ya ugonjwa, au ulijua ninadanganya ukanisitiri? Kama hukujua, nilimdanganya mtu anayekata roho. Kama ulijua, ulimpigia simu mwanao ukaufanya uongo wangu kuwa wako, ukaondoka umeubeba, na mimi sijakupa hata jani. Nimekaa na haya mawili mwaka mzima na sijui lipi ni zito.

Jana nilikwenda Tegeta, kwa wale wauza miche kando ya barabara. Nikuambie ukweli wote. Nilitafuta mti wowote wenye majani mekundu wa kufika kifuani. Nikaupata. Muuzaji akasema, "Chukua huu mama, hausumbui, unaota popote." Nilisimama pale nikiuona umeshakaa dirishani, na Upendo chini yake, anatabasamu. Hajui mepo zaidi ya jani lake, ningesema wa huku jani lake hubadilika. Ningeweza. Nilimwambia yule muuzaji asante, nikarudi nyumbani mikono mitupu, na njia nzima nililia mbele za watu kama mtoto aliyepotezwa sokoni.

Leo asubuhi nimechukua kisu nikaenda getini. Nimekata majani mawili ya sale. Sikujua hata yanakatiwa wapi. Nilizoea kuyapokea yameshakatwa. Moja ni la Upendo. Nitamngojea palepale getini Jumamosi, kabla hajatua begi, kabla hajazunguka upande wa jikoni, nimpe. Amezaliwa Kiwalani lakini ulimfundisha, atajua maana yake kabla sijafungua mdomo. Ataniuliza nimekosa nini. Hapo nitamwonyesha shimo.

La pili ni lako. Wewe siwezi kukupa mkononi, na kwa desturi jani lisilopokelewa ni jani tu. Nimelishika tangu asubuhi na limeanza kunyauka. Desemba nitalileta Marangu jinsi litakavyokuwa, nililaze juu yako. Kama ulijua, lipokee. Kama hukujua, sasa umejua, lipokee hivyohivyo.

Kwenye mashada yako watu wote waliandika "lala salama." Mimi walinipa kalamu siku ile, nikashindwa. Walidhani ni uchungu. Kumbe nilikuwa na mti mmoja tu uliolala, na nilikuwa nimeshaukata mizizi.

Mkeo, ambaye hakuwahi kukosa,
Mama Upendo