Mwana Hiti wa Mama Kwenye Baa ya Samoa

Jumamosi, 7 Juni 1913

Magdalena kaja. Dada yangu, kwa miguu kutoka Matombo, mkungu wa ndizi kichwani. Shikamoo kaka — na hata maji hajanywa akaanza: Kristina anatolewa nje tarehe 21. Binti yake huyo alivunja ungo wakati wa masika, yuko ndani tangu hapo. Amekuwa mrefu, anasema. Akanionyesha kwa kiganja kilichosimama, vidole juu. Mama alitufunza mtu hupimwa hivyo. Kiganja cha kulala ni cha kupimia mbuzi.

Sasa anataka mwana hiti wa mama. Kijiti tu, ukikitazama: kiwiliwili bila mikono, vishungi viwili kichwani. Lakini bibi alitoka naye, mama alitoka naye. Mwali asiyetoka naye, wanasema, hazai. Mwaka juzi katekista alipokuwa akipekua nyumba kutafuta vitu vya mila, nilimwambia Magdalena nipe mimi, nikamfiche mjini. Akanipa!

Nimemdanganya kwamba ufunguo wa sanduku umebaki stesheni. Sandukuni mna mashati. Mwana nilimpa Bwana Hartwig, Mzungu mwenye baa, naye akaniandikia barua iliyonipatia huu ukarani wa reli. Nilidhani dada kabatizwa, mambo ya mwali yamekwisha. Mjinga mimi!

Jumatano, 11 Juni

Kasha la chupa limeingia kwa treni ya Dar es Salaam. La Bwana Hartwig. Nikalipeleka mwenyewe, saa tisa mchana. Siku zote huishia mlangoni. Leo nimeingia.

Ee Mungu, ile baa! Bwana alikuwa askari wa Kaisari huko visiwa vya Samoa, sasa kaihamishia Samoa Morogoro. Makuti ndani ya nyumba ya bati. Makombe ya baharini ukutani. Mhudumu wake Kibwana, mtu mzima na swala tano zake, kavikwa sketi ya majani juu ya suruali na shada la maua shingoni! Wazungu wanakunywa kwenye vifuu, ramu iliyochanganywa na maji ya nanasi. Mananasi ya kwetu milimani.

Na juu ya kaunta, kati ya chupa — yeye. Shanga za mama bado shingoni. Kati ya vishungi wameegesha sigara inayowaka. Bwana anawaambia wageni ni mungu wa Samoa, kamtoa huko kwa mkono wake mwenyewe. Wakamgonga vifuu kichwani, wakacheka.

Nikapokea saini, nikatoka.

Jumamosi, 14 Juni

Nimemwomba. Kofia mkononi, magoti chini kabisa. Nikamweleza yote: mwali, ngoma, tarehe. Mdomo huu! Aliposikia ngoma alikaa wima. Tarehe 21 ana wageni wakubwa kutoka Dar. Mlete binti acheze hapa, kasema, avae majani, tuseme ni wa Samoa. Akimaliza, chukua mti wako.

Na nikikataa? Akaigusa kalamu. Barua ilikuingiza kazini, barua itakutoa. Na nyingine itakwenda bomani, ukaonje viboko hamsa ishirini.

Nimesema nitafikiri. Uongo tena. Nilikuwa nimekwisha kufikiri.

Jumanne, 17 Juni

Matombo. Nimeomba ruhusa ya siku nne, nimesema nina msiba. Nimemwambia Magdalena mwana hapandi huku, katekista anapekua mizigo njiani. Mshusheni mwali mjini, mwana mtampokea kwangu. Hakuuliza hata neno. Mjomba wa mwali kasema, akajibu, basi! Akanichinjia jogoo.

Kristina alikuwa nyuma ya ukuta wa mabua. Mwanamume hamwoni mwali. Alinisalimu kwa kupiga makofi taratibu, nami nikaitikia.

Paja la jogoo nimelila lote.

Ijumaa, 20 Juni

Kibwana kanisimamisha sokoni. Karani, mimi navaa majani yale kwa sababu nina watoto wanne. Wewe je?

Jumamosi, 21 Juni, saa kumi jioni

Wamefika. Wanawake kumi na mmoja, ngoma mbili, uani kwangu. Mwali katikati yao, kagubikwa kaniki mpaka miguuni. Wanaimba. Magdalena kanishika mikono yote miwili: ahsante kaka, umetutunzia. Yuko wapi? Nikasema yuko kwa rafiki, nyumba ya pili, tutakwenda naye Kristina. Nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Kibwana kaja dirishani na sketi mbili za majani. Hanitazami. Bwana anauliza avae ipi — binti ana kimo gani?

Nikanyoosha mkono, usawa wa kifua. Kiganja kimelala.

Nyuma ya Kibwana alikuwa amesimama Magdalena. Sketi hakuzitazama. Alikitazama kiganja changu.

Nimefunga dirisha. Ngoma zimenyamaza. Anagonga mlango — haniiti kaka. Anasema Fransisko, fungua. Tangu azaliwe hajapata kuniita kwa jina.